Gari kupanda mlima lenyewe kule Embu: si jini, ni macho yetu

Mwezi uliopita nilikuwa Embu. Wengi wetu huku Pwani tukisikia jina hilo mawazo yanakimbilia muguka tu, na la muguka leo siligusi. Nilikwenda kumtazama mtoto wa marehemu ndugu yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Embu, mwaka wa tatu, anasomea ualimu wa hisabati na fizikia. Karo ni yangu, nauli ni yangu, na akifeli lawama za ukoo mzima pia ni zangu.

Siku ya pili akaniambia, "Ami, kuna mahali lazima nikupeleke. Nikikusimulia tu hutaniamini."

Mahali penyewe ni Kiamuringa, upande wa Mbeere, kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri. Tulikodi Probox ya kijana anayejuana naye. Tulipofika, dereva alisimamisha gari mahali ambapo barabara mbele yetu ilionekana wazi kuwa inapanda. Akatia nyutro, akaachia breki, kisha akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Gari likatulia kidogo, likaanza kwenda. Mbele. Kupanda. Mwanzo mwendo wa kobe, halafu mwendo wa mtu anayetembea, halafu zaidi.

Tukashuka. Mtoto wa ndugu yangu akafungua chupa yake ya maji, akamwaga barabarani. Maji nayo, wallahi, yakachukua njia ile ile ya kupanda.

"Ami, unaona? Hapa Newton amepotea njia."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Inshallah baada ya muda si mrefu kijana huyu atasimama mbele ya watoto wa sekondari, pengine hapa hapa Kisauni au Kwale, awafundishe nguvu, vekta na uvutano wa dunia. Na huyu ndiye aniambiaye kuwa kuna kipande cha barabara Mbeere ambapo sheria hizo hazifanyi kazi. Dereva naye alikuwa na maelezo yake: wengine husema ni sumaku iliyo chini ya ardhi, wengine husema ni majini.

Ndugu zangu waliobahatika kwenda Umra wanajua ninachokisema. Nje ya Madina kuna bonde ambalo mahujaji hupelekwa kwa mabasi, watu wakaliita Wadi al-Jin, na gari likizimwa huonekana linapanda lenyewe. Wenye jamaa Oman pia wameletewa video za Salalah, kwenye njia ya kwenda Mirbat, mambo ni yale yale. Machakos kuna Kyamwilu. Scotland kuna barabara iitwayo Electric Brae, kwa sababu watu wa zamani walidhani ni umeme unaovuta magari. Kwa hivyo kama ni majini, basi ni majini wenye matawi dunia nzima na wote wana kazi moja tu, kusukuma magari ya watalii.

Mimi si profesa. Nina diploma ya ujenzi niliyoipata hapa Mombasa, na nimefanya kazi na mafundi zaidi ya miaka 20. Lakini fundi yeyote wa mtaani angelitatua jambo la Kiamuringa kabla chai yake haijapoa.

Fundi akitaka kujua kama msingi uko sawa, haangalii kwa macho. Anachukua mpira wa maji, ule mrija mwembamba unaopitisha mwanga, anaujaza maji, mwenzake anashika ncha moja pembe ile na yeye anashika ncha nyingine pembe hii. Maji yakitulia, usawa wake ndio usawa. Hata kama macho yake yanamwambia pembe ile iko juu, anafuata maji. Akitaka kujua kama ukuta umesimama wima, anateremsha timazi. Timazi haina rafiki. Inaelekea upande mmoja tu, chini, kwenye kitovu cha dunia, Lamu au Lunga Lunga.

Sasa rudi Kiamuringa. Macho yanasema barabara inapanda. Maji yaliyomwagwa yanasema inateremka. Kila siku ya maisha yetu tunaamini maji. Tunajenga mifereji, mabafu na paa za nyumba kwa imani hiyo. Kwa nini siku moja tukiwa Mbeere tuyakanushe maji na tuyaamini macho? Chupa ile aliyoimwaga mtoto wa ndugu yangu kama ushahidi wa muujiza ndiyo ushahidi kuwa hakuna muujiza. Barabara pale inateremka. Ni mandhari ndiyo inayotudanganya.

Namna inavyodanganya si jambo gumu. Jicho halina timazi ndani yake. Likitaka kujua upi ndio usawa, linatafuta kitu cha kulinganisha, hasa upeo wa macho, pale mbingu na ardhi zinapokutana. Sisi watu wa bahari tumezoea vibaya: huku upeo umelala mbele yetu siku zote kama rula. Kwenye nchi ya vilima upeo umefichwa. Jicho linashika ukingo wa kilima, miti iliyolala kidogo, mstari wa ua wa shamba, linafanya hicho ndicho usawa. Kama nchi nzima inayokuzunguka imeinama kuliko barabara, basi barabara inayoteremka kidogo itaonekana inapanda. Ndani ya sikio tuna kipimo cha kutuambia chini ni wapi, lakini kwa mteremko mdogo sauti yake ni ndogo, na macho yanaizima.

Haya si maneno yangu. Mwaka 2003 watafiti wa Italia, Paola Bressan na wenzake, walitengeneza barabara ndogo za mezani zenye mandhari za bandia, wakawaonyesha watu, na watu wakaona miteremko kuwa ni milima vile vile kama barabarani. Kule Electric Brae kwenyewe pamewekwa jiwe lenye maandishi yanayotaja vipimo: mteremko halisi ni futi 1 kwa kila futi 86, upande ulio kinyume na unavyoonekana. Na karibu miaka elfu moja kabla ya hao, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, katika Kitab al-Manazir alitenga sehemu nzima kueleza makosa ya kuona na sababu zake. Watoto wetu wanapita madrasa na shule bila kulisikia jina lake.

Sasa tuingie kwenye fizikia yenyewe, na nitajaribu kuieleza kwa mkokoteni.

Nguvu, au kani kama vitabu vya Tanzania vinavyoiita, ni kusukuma au kuvuta. Haitoshi kuijua ukubwa wake, lazima ujue na upande inaoelekea. Kitu chenye ukubwa na upande ndicho kinachoitwa vekta. Nahodha wa feri ya Likoni anaijua vekta hata kama hakuisoma. Maji yakiwa yanakwenda kwa nguvu hawezi kuelekeza chombo moja kwa moja kwenye gati ya pili. Anakielekeza pembeni, dhidi ya mkondo, na mkondo ukimsukuma anajikuta amefika pale alipotaka. Kasi ya feri na kasi ya mkondo zimejumlishwa, si kama shilingi na shilingi, bali kila moja na upande wake.

Uzito nao ni vekta. Dunia inavuta kila kitu kuelekea chini, wima kama timazi. Sasa fikiria hamali anayeteremsha mkokoteni wa maji kwenda Bandari ya Kale. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, na mkokoteni tuseme kilo 100, jumla kilo 500. Barabara ikiwa sawa, ardhi inabeba uzito wote na yeye hasumbuki. Ikiinama, ardhi inaweza kusukuma kwa pembe mraba ya uso wake tu, kwa hivyo kuna sehemu ya uzito inayobaki bila mtu wa kuibeba. Sehemu hiyo inaelekea chini kwa kufuata mteremko. Ukubwa wake ni rahisi kukisia: mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20 hukuachia sehemu moja ya 20 ya uzito. Kwa mkokoteni wetu ni kilo 25, na hamali anaushikilia. Ukiinama mara mbili yake, zinakuwa kilo 50, na hapo utamwona amelalia nyuma na kile kipande cha tairi anachokiburuza kama breki kinatoa harufu.

Chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye barabara yenye mteremko kama wa Electric Brae. Gari la kilo 1,200 likigawanywa kwa 86 linasukumwa na kama kilo 14. Msuguano wa tairi zilizojaa upepo vizuri hula karibu kilo 12. Kinachobaki ni kidogo mno, na ndiyo maana magari kwenye sehemu kama hizi huanza kwa mwendo wa kobe kisha yakaongeza. Jini halihitajiki. Kilo mbili zinatosha.

Nilipomaliza kumweleza, kijana akanijaribu kwa upande mwingine. "Lakini ami, si tuko karibu na Ikweta, na huku ni juu? Uvutano si ni mdogo?"

Swali zuri, na jibu ni ndiyo. Ikweta inaikata barabara ya Embu na Meru kati ya Nkubu na Meru mjini. Dunia kwa kuzunguka imetuna kidogo kwenye Ikweta, na ukipanda juu unazidi kuwa mbali na kitovu chake. Lakini sisi wa Mombasa tuko karibu na Ikweta vile vile, kwa hivyo tofauti iliyobaki ni kimo tu. Mtu wa kilo 100 aliyepimwa Mombasa kwa mizani ya springi, akipimwa Meru mjini kwa mizani ile ile, atapungua kwa gramu zisizofika 50. Ukinywa kikombe kimoja cha kahawa chungu umezirudisha. Na tena kupungua si kugeuka. Uvutano ukiwa mdogo bado unavuta chini.

Ningemalizia hapo na kurudi nyumbani nikiwa na kisa cha kuchekesha barazani. Lakini siku ya pili tulikuwa na safari ya Meru, kumzuru mzee aliyekuwa jirani yetu Majengo. Barabara ile inakata miguu ya Mlima Kenya kwa upande, kwa hivyo kila mto unaotoka mlimani unaukuta: unateremka bondeni, unavuka daraja, unapanda tena. Ukishapita Runyenjes na Chuka unafika daraja la mto Nithi.

Ndani ya matatu watu walinyamaza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja huku kwetu Mombasa lilitoka barabarani pale Nithi likaanguka bondeni, kimo cha karibu mita 40. Watu zaidi ya 30 walifariki. Maafisa walisema yaonekana breki zilikataa. Haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Sisi huku tulisoma majina, tukapokea maiti, tukazika, tukasema ni kadari. Ni kadari, sikatai. Lakini tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza.

Sentensi hiyo, "breki zilikataa", tunaisema kama vile breki ni punda aliyechoka. Breki hazikatai. Ule mkokoteni wetu wa kilo 500, ufanye sasa basi la tani 15 lenye abiria na mizigo. Tuseme mteremko wa mita 6 kwa kila mita 100. Sehemu ya uzito isiyokuwa na wa kuibeba inakuwa kilo 900. Lazima kitu kiibebe muda wote wa kuteremka, la sivyo basi linaongeza kasi kila sekunde. Likiwa breki peke yake ndiyo iliyoachiwa kazi hiyo, kila nguvu inayoizuia inageuka kuwa moto. Basi hilo likiteremka kimo cha mita 100 bila hata kuongeza kasi, moto unaozalishwa kwenye magurudumu unatosha kutokosa lita 45 za maji ya mfereji. Mitungi miwili na zaidi, inayotokota juu ya vyuma vya breki. Vyuma vikipata moto hivyo msuguano wake unapungua, dereva anakanyaga zaidi, moto unazidi, na mwisho anakanyaga na hakuna kitu.

Watu hudhani basi lililojaa hukimbia zaidi mteremkoni kuliko tupu. Uvutano haupendelei. Yakiachwa huru yote mawili yanaongeza kasi karibu sawa. Tofauti ni kwamba lililojaa linazipa breki kazi kubwa zaidi, kwa vyuma vile vile. Ndiyo maana gunia la ziada kwenye buti si suala la nauli peke yake.

Dawa inajulikana na haina gharama: uingie mteremkoni na gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, si katikati. Injini inayozungushwa na magurudumu inabeba sehemu kubwa ya zile kilo 900, na moto wake unatoka kwenye rejeta na ekzosi, si kwenye breki. Dereva anayetia nyutro ili aokoe mafuta ameifukuza kazi injini na kuiachia breki mzigo wote. Nimewaona wanaofanya hivyo. Nadhani na wewe umewaona.

Halafu kuna kona. Kitu kikienda kinataka kwenda mbele moja kwa moja, na ili kipinde lazima kisukumwe kwa upande. Kinachosukuma ni msuguano wa tairi na lami. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linahitaji msukumo wa upande unaofika robo ya uzito wake. Likiwa na kilomita 80, kasi imeongezeka mara mbili tu, lakini msukumo unaohitajika ni mara nne, yaani uzito wake mzima. Tairi na lami haziwezi kutoa hayo, na basi refu kwenda juu linaweza kupinduka hata kabla tairi hazijateleza. Hapo hata dereva awe bingwa namna gani, usukani hausaidii.

Sasa utaona kwa nini Kiamuringa hakunichekesha tena. Macho yale yale yaliyosema mteremko ni mlima ndiyo aliyonayo dereva. Kwenye njia ya mabonde jicho hufanya mchezo mmoja khasa: ukitoka kwenye mteremko mkali ukaingia kwenye mteremko mdogo, ule mdogo unaonekana kama tambarare, pengine hata kama unapanda. Dereva anajiambia ameshamaliza kuteremka, anaachia, anabadilisha gia. Uvutano haujamaliza. Sisemi hilo ndilo lililotokea mwaka 2022. Sikuwamo ndani ya basi lile. Nasema ni mtego uliopo kwenye kila barabara ya aina hiyo, na mtihani wa leseni niliofanya mimi haukunigusia hata siku moja. Niliulizwa alama za barabarani na nikasukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa ramani.

Kwa walimu wa fizikia huku Pwani nina ombi. Kile kisanduku cha mbao kinachoteleza kwenye ubao ulioinama, ambacho kila kitabu kinacho, kipeni jina. Kiiteni basi, na ubao muuite Nithi. Waacheni watoto wapige hesabu ya kilo ngapi hazina wa kuzibeba. Wengi wao wana jamaa aliyepita njia ile, au njia ya Mazeras, au ya Taru na malori yake. Na abiria naye ana haki ya kusikiliza injini. Basi likianza kuteremka huku injini imenyamaza kimya kama imelala, huo ndio wakati wa kumwita dereva, kwa heshima, lakini kwa sauti.

Tuliporudi jioni kutoka Meru, kwenye mteremko mmoja kabla ya Chuka, mtoto wa ndugu yangu aliniguseza kwa kiwiko. "Ami, hapa ni sawa au tunateremka?" Nilitazama mbele, na kwa macho yangu ningeapa ni tambarare. Matatu ilikuwa kwenye gia ya tatu, injini inalia. Akatoa chupa yake ya maji iliyobaki nusu, akailaza juu ya paja lake kuelekea mbele, akaitazama. Maji yalikuwa yamekimbilia kwenye kifuniko.

Juzi amenipigia simu kuomba pesa. Nikadhani ni za chakula. Ni za mpira wa maji, mita 10, anataka kurudi Kiamuringa na wenzake wa darasani wakapime. Nimemtumia.